Keria ya mjini haifiki Ngare Sero

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowaharibia safari waendesha baiskeli wengi kila kipupwe. Kuanzia Juni, tope likishakauka, watu hutoka Arusha na Moshi kuelekea Ziwa Natron kwa njia ya Mto wa Mbu, Selela na Engaruka. Wengine hupanda Usambara, Lushoto hadi Mtae. Maandalizi yao huanzia dukani na swali ni lile lile: begi gani zuri? Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Begi huchaguliwa mwisho. Kwanza itazamwe baiskeli, kisha barabara, kisha mzigo wenyewe upimwe kwa mizani.

Nianze na barabara, kwa sababu ndiyo inayovunja vitu. Kutoka Mto wa Mbu hadi Ngare Sero, kijiji kilicho kando ya Ziwa Natron, ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu kubwa ni mchanga, mawe ya volkano na yale mawimbi madogo madogo ya barabara ya vumbi, mithili ya bati la paa. Tuseme mawimbi yameachana nusu mita. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa inapigwa zaidi ya mara nane kila sekunde, yaani mapigo 30,000 kwa saa moja. Kila pigo linaurusha mzigo juu kidogo na kuubwaga tena kwenye bolti zile zile. Shimo moja kubwa unaliona na kulikwepa. Mawimbi haya huwezi kuyakwepa, na ndiyo yanayolegeza nati, kuchosha chuma na kusaga kitambaa mpaka kitoboke.

Kwa hiyo mzigo unaotikisika ni mzigo ulioanza kuvunja kitu. Kilo 12 zilizokaa kimya zina nafuu kuliko kilo 7 zinazocheza.

Sasa keria. Keria nyingi zinazouzwa mijini ni za alumini na zimeandikwa kilo 25. Hesabu hiyo ni ya lami. Kwa njia mbovu mimi huikata nusu, isipokuwa mtengenezaji awe ameandika mwenyewe uzito wa njia isiyo na lami. Alumini ina tabia ambayo mnunuzi anapaswa kuijua: inachoka. Hata mapigo madogo hujilimbikiza ndani yake, ufa ukaanza taratibu karibu na sehemu iliyochomelewa mguuni, halafu siku moja ikakatika bila kupinda kwanza. Chuma kwa kawaida hupinda, kikakuonya. Na kikikatika, fundi yeyote wa milango na madirisha anaweza kukichomelea, wakati alumini inahitaji mashine na gesi ambazo hutazikuta kwenye njia hiyo. Mwambie tu atumie ufito mwembamba wa kuchomelea, wa milimita 2.5, na umeme mdogo, kwa kuwa bomba la keria ni jembamba na hutoboka haraka, na uivue keria kwenye baiskeli kabla hajaigusa.

Wanaotaka mfano wa keria ya chuma inayoheshimika waitazame Tubus Cargo ya Ujerumani: mabomba ya chuma ya milimita 10, uzito ulioandikwa kilo 40. Lakini mfano bora zaidi upo barabarani kwetu kila siku. Itazameni keria ya baiskeli ya Phoenix inayobeba magunia ya mkaa. Ni nzito na sura haina, lakini miguu yake inashuka moja kwa moja hadi kwenye ekseli ya nyuma, hivyo uzito unapita kwenye chuma kilichosimama wima na kuingia gurudumuni. Hiyo ndiyo kanuni. Keria inayobanwa kwenye bomba la siti peke yake, ikaning'inia nyuma bila miguu, ni mkono mrefu unaojaribu kulipinda bomba hilo. Nyingi ya hizo huandikwa kilo 10 au chini yake, na kwenye mawimbi hujizungusha pembeni mpaka begi liguse tairi. Bomba la siti likiwa la kaboni, msiifunge kabisa; kibano hukiponda kaboni bila kuonyesha alama kubwa nje.

Kabla ya kulipia keria, zunguka nyuma ya baiskeli uhesabu matundu. Baiskeli iliyoandaliwa kwa keria ina matundu mawili karibu na ekseli na mawili juu karibu na siti, yote kwa kawaida ya bolti za M5, yaani za unene wa milimita 5. Kama hayapo, kuna keria zinazofungwa kwenye ekseli yenyewe. Zina nguvu, ila zina kero moja ambayo muuzaji haitaji: kwenye baadhi yake ukitaka kutoa gurudumu la nyuma ni lazima uachie miguu ya keria pia, na mzigo wote ushuke. Katika nchi ya mbigili hilo ni jambo zito. Mwiba wa mbigili haubagui tairi, na kupakua mzigo mara tatu kwa siku juani kunamaliza maji na subira. Anayechagua keria ya namna hiyo aweke dawa ya kuziba matundu ndani ya tairi kwanza.

Breki za diski nazo zina lao. Kifaa cha breki kikikaa njiani mwa mguu wa kushoto wa keria, watu huweka vipande vya bomba na bolti ndefu ili kuusogeza mguu nje. Bolti ya M5 iliyosogezwa sentimita mbili kutoka kwenye fremu haibanwi tena, inapindwa. Hukatikia ndani ya tundu, na kuitoa ni kazi ya kuchimba kwa drili nyembamba na mkono usiotetemeka. Nunueni keria iliyotengenezwa kwa baiskeli za diski, ambayo mguu wake umepindwa kukwepa breki.

Kuhusu bolti nitasema kwa kirefu kidogo, maana keria chache hushindwa zenyewe; nyingi huangushwa na bolti ya shilingi chache. Safisha matundu, toa rangi iliyoganda kwenye hesi, yaani yale meno ya ndani ya tundu. Weka washa. Paka gundi ya nati ya rangi ya bluu, ile inayofunguka kwa spana, si nyekundu. Kaza kwa kifunguo cha pembe sita cha milimita 4, ushike mkono mfupi wa kifunguo ili usikaze kupita kiasi na kung'oa hesi za alumini. Kama tundu limetoboka upande wa pili, ongeza nati yenye plastiki ndani. Hata gundi ikishindwa, nati hiyo hukaa. Upande wa cheni tahadhari: bolti ikitokeza ndani hata milimita 3, cheni inaweza kuigonga ikiwa kwenye gia ndogo kabisa. Zungusha pedali, weka gia hiyo, uchungulie. Baada ya kilomita 20 za kwanza kaza tena zote, na kila jioni zipitie kwa vidole. Kwenye kopo dogo beba bolti za akiba za M5: mbili za milimita 12, mbili za 16, moja ya 20. Ongeza vibano viwili vya chuma vya kufungia bomba la maji, vile vinavyokazwa kwa bisibisi. Mguu wa keria ukikatika, vibano hivyo na kipande cha kijiti kigumu vitakufikisha kijijini.

Keria ikishakaa imara ndipo tuulize kinachopanda juu yake. Mabegi makubwa ya pembeni, ya lita 20 kila upande, yanafaa lami na vumbi laini. Kwenye vijia vya Usambara yanagonga kingo, yanashika vichaka, na unaposukuma baiskeli mlimani yanakupiga miguu. Chukua madogo, lita 10 hadi 14 kila upande. Angalia ndoano zake. Ndoano nyingi zimekatwa kwa bomba nene, na ndani ya boksi huja vipande vya plastiki vya kupunguza nafasi ili zibane bomba jembamba. Watu huvitupa wakidhani ni takataka! Bila vipande hivyo ndoano inacheza, inakula bomba, na kwenye mawimbi inaruka nje. Ndoano ya chini nayo isogezwe mpaka ishike mguu wa keria, la sivyo begi litapepea kama sikio la tembo. Juu ya yote pitisha mpira mmoja wa tyubu kuzunguka begi na keria. Mpira wa tyubu ni kamba isiyo na mfano: unavutika, haulegei ukitikiswa, na unapatikana bure kwa kila fundi. Ila usiache ncha inayoning'inia. Ikiingia kwenye spoki, gurudumu linasimama ghafla.

Kuna njia nyingine, ya kutotumia keria kabisa, ambayo siku hizi vijana huiita baikipakingi: mabegi laini yanafungwa kwa mikanda ndani ya fremu, chini ya siti na kwenye usukani. Wapo wanaoiona ya kigeni na ya juzi. Wazo lake ni la kale. Mwaka 1897 askari weusi wa Marekani wa Kikosi cha 25 cha askari wa miguu waliendesha baiskeli kutoka Missoula, Montana, hadi St. Louis, zaidi ya kilomita 3,000, blanketi na kipande cha hema vikiwa vimeviringishwa kwenye usukani na kasha la ngozi likiwa ndani ya fremu. Ndani ya fremu, karibu na pedali, ndipo mahali pazuri kuliko pote pa uzito. Mzigo uliokaa hapo hauyumbishi mbele wala nyuma, na gurudumu la nyuma, ambalo tayari linabeba sehemu kubwa ya mwili wako, linapumzika.

Njia hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa baiskeli yenye shokapu ya nyuma na kwa yeyote ambaye mzigo wake, bila maji, hauzidi kilo 10. Akizidi hapo, au akibeba chakula cha siku nne, arudi kwenye keria ya chuma bila aibu.

Begi la chini ya siti ndilo linalopendwa zaidi na ndilo linaloleta malalamiko mengi. Kati ya siti na tairi kuwe na angalau sentimita 20. Mtu mfupi mwenye tairi za inchi 29 mara nyingi hana nafasi hiyo, na kwenye shimo begi linasagwa na tairi mpaka lichanike. Pima ukiwa umekaa, na kama kuna shokapu ya nyuma, pima ikiwa imebonyea mpaka mwisho. Wekeni humo vitu vyepesi vinavyobanika: nguo, mfuko wa kulalia. Kilo 4 zinatosha. Kinachofanya begi liyumbe kama mkia ni nafasi tupu kwenye ncha ya mbele, pale linapobana bomba la siti. Anza kwa kusukuma nguo hapo kwa ngumi mpaka pawe pagumu, kisha jaza kwenda nyuma, toa hewa, kunja mdomo mara tatu, halafu ndipo ukaze mikanda.

Usukani: kitu kimoja kirefu chepesi, kama hema bila vyuma vyake, kilo 3 hivi, kisizibane nyaya za breki na gia. Weka vipande vya sponji nyuma yake. Basi.

Kwenye foku, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, kuna baiskeli zenye matundu matatu ya bolti yaliyopangwa wima, yakiachana milimita 64 kutoka la kwanza hadi la pili na la pili hadi la tatu. Hapo hufungwa kikapu kidogo cha chuma cha kubebea chupa kubwa au mfuko, na wengi wa watengenezaji huruhusu kilo 3 kila upande. Pande zote mbili zilingane, la sivyo usukani unavuta. Msitoboe foku ya shokapu kutafuta matundu hayo. Mafuta yatavuja na kazi yake itakuwa imekwisha. Tumieni vibano vya bomba nilivyovitaja, vikiwa juu ya kipande cha tyubu, na mfunge upande wa bomba la chini usiogusa diski.

Narudi kwenye begi la fremu, kwa sababu hili halihitaji kuagizwa Ulaya wala Marekani. Fundi anayeshona viti vya magari au maturubai ya lori analiweza vizuri, mradi apewe kipimo. Chukua kadibodi, ubandike ndani ya fremu, uchore pembetatu ikifuata mabomba, kisha upunguze sentimita moja kuzunguka kote. Weka alama mahali pa chupa kama unataka ibaki. Unene wa begi usizidi sentimita 6 katikati; ukizidi, magoti yatalisugua kila mzunguko wa pedali na kwa siku moja utakuwa na magoti yenye malengelenge. Kitambaa kiwe turubai la plastiki lenye nyuzi ndani. Uzi uwe wa naironi, si wa pamba, kwani pamba huoza kwa jasho na mvua. Kila mkanda unapoungana na begi ashone mraba wenye msalaba ndani, si mstari mmoja. Mikanda iwe na upana wa milimita 25: mitatu juu, miwili kwenye bomba la chini, mmoja kwenye bomba la fremu lililo chini ya siti. Kuta zikiwa laini begi litavimba likijazwa, hivyo ndani aingize kipande cha plastiki ngumu ya dumu la lita 20, kilichokatwa na kulainishwa kingo.

Zipu ndiyo roho ya begi hili, na ndiyo inayokufa kwanza. Iwe kubwa, namba 8 au 10, ya plastiki. Ndogo ya suruali haifiki mbali. Vumbi huingia kwenye meno, kisha mtu anaivuta begi likiwa limefura, na kichwa cha zipu kinapanuka. Ikianza kufunga huku inaachia nyuma, bana kichwa chake kidogo kwa koleo, pande zote mbili sawasawa. Mara nyingi hupona. Kila jioni ipige mswaki mkavu, na upake nta ya mshumaa. Mafuta ya cheni usiyaweke kamwe, yatakusanya vumbi yageuke msasa. Pale mikanda inapogusa fremu, bandika kwanza vipande vya tyubu, maana vumbi lililo kati ya mkanda na rangi linasaga mpaka kwenye chuma tupu.

Humo wekeni vitu vizito: pampu, spana, chakula, tyubu mbili, na maji. Maji ndiyo mzigo ambao watu husahau kuuhesabu. Lita moja ni kilo moja, na kati ya Engaruka na Ngare Sero si jambo la kubahatisha. Lita 5 hadi 6 kwa mtu ndizo ninazoziona za busara, na hapo umeongeza kilo 6 ambazo keria haikuambiwa. Chupa mbili za lita moja na nusu kwenye foku, mfuko wa lita mbili ndani ya fremu, zilizobaki mgongoni. Mgongoni pasizidi kilo 3, maana uzito wote wa mgongo unaishia kwenye siti na kwenye mikono.

Mzigo ukishapangwa, jaribio halihitaji kifaa. Inua gurudumu la nyuma sentimita 10 uliachie lianguke, kisha la mbele. Sikiliza. Chochote kinacholia kinacheza, na kinachocheza kitafutwe na kubanwa. Halafu nenda kilomita 20 za njia mbovu ukiwa na mzigo kamili, maji yakiwemo, karibu na nyumbani ambako daladala zipo. Ukirudi, gusa spoki za upande wa gia za nyuma. Hizo ndizo hukatika kwanza zikizidiwa, na iliyolegea kuliko wenzake ikazwe na fundi kabla ya safari. Gurudumu la nyuma la spoki 36 lina nafuu kubwa kuliko la 28 kwa anayebeba keria.

Ombi langu la mwisho, Mhariri, ni kwa wauza baiskeli na kwa kampuni zinazokodisha baiskeli kwa watalii. Andikeni kwenye kila keria uzito wake, na kama mtengenezaji ametenganisha lami na njia mbovu, andikeni vyote viwili. Vile vipande vidogo vya plastiki vya ndoano vifungwe kwenye begi lenyewe, visiachwe chini ya boksi. Na anayekodisha baiskeli ya kwenda Natron apewe, pamoja na pampu, zile bolti tano za akiba na kifunguo cha milimita 4.

Msomaji wako, fundi baiskeli,
Moshi